Bomba Lililopita Ndani ya Boriti

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya kutengeneza vyombo vya baharini pale Mbaraki, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliweka rula juu ya mchoro, nikapima, nikampelekea mkata chuma kipimo nilichokiona. Bamba likatoka fupi, likatupwa. Mkuu wa Michoro, mtu wa sauti ndogo, akaniita.

"Ulipimaje?"

"Kwa rula, bwana mkubwa."

"Mchoro husomwa. Anayepima ni fundi cherehani."

Kumbe nakala zikipita kwenye mashine, karatasi hupata joto ikanywea. Ndiyo maana kila kipimo huandikwa kwa tarakimu. Mimi, na cheti changu cha kidato cha nne na kalamu tatu mfukoni, sikulijua hilo. Akanifundisha na mengine: kitu kimoja huchorwa mara tatu, kwa juu, kwa mbele na kwa ubavuni, halafu wewe ukiunge kichwani. Kichwa changu kilitaka miezi.

Yeye akastaafu. Akaja Meneja wa Ufundi na kompyuta, kaifunika kitambaa kama bibi harusi. Wenzangu wakienda Feri kula mihogo, mimi nilibaki na kitabu chake kinene, maana kutembeatembea sikuzoea. Ndani ya kompyuta unaliunda umbo mara moja, unaligeuza, unachungulia hata chini yake. Yale niliyoyaunga kichwani kwa taabu yalikuwa yamekaa mbele yangu.

Nikaunda humo chumba cha injini cha boti ya uvuvi iliyokuwa gatini Liwatoni ikingoja bomba jipya la maji ya kupoza injini. Nilipokigeuza, nikaona bomba linapita ndani ya boriti ya chuma. Kwenye karatasi lisingeonekana. Nikamwambia Meneja.

"Hiyo sinema yako," akasema, macho kwenye gazeti. "Chapa, tia sahihi kwenye kisanduku cha mkaguzi. Watu wanangoja."

"Bomba halitaingia, bwana."

"Wewe mchoraji ama kapteni?"

Saa kumi ilikuwa imekaribia. Mimi ni mtu wa nyumbani. Alasiri ikinipita sijafika Mji wa Kale nikanywa chai yangu, mwili wote hunilaumu. Kubishana kungenilia jioni nzima. Nikatia sahihi, kwamba mchoro nimeukagua na uko sawa.

Bomba likapindwa, likapelekwa, likagoma. Wavuvi wakaja kututukana mlangoni. Meneja akaukunjua mchoro mbele ya wakubwa, akaweka kidole kwenye kisanduku.

"Sahihi ya nani hii?"

Sinema hakuitaja. Nikapelekwa stoo kugawa bolti na nati hadi nilipostaafu. Kompyuta ile sikuigusa tena.

Vijana, hasira ninayo mpaka leo, na sioni haya. Yule mtu alijua. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu. Kila alasiri namsema hapa barazani, kikombe mkononi. Juzi jirani yangu wa mlango wa mkabala, Bi Mwanaisha, akaacha kuchambua mchele wake.

"Wamlaani mtu miaka yote hii," akasema. "Si weye uliyeona halipiti, ukatia sahihi uwahi chai? Basi inywe kimya."