Wagonjwa wa Wilaya ya Saba

Ofisini walimwita Bi Mstari, naye hakuchukia. Jina alipewa na mtakwimu wa kitengo, kijana mcheshi aliyesema kwamba mama yule akikuta mlima umepinda ataunyoosha kwa rula. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ilikwisha katika chumba kimoja cha ghorofa ya pili, akiandikisha wagonjwa wa saratani wa jimbo zima. Kila Jumatatu na Alhamisi alizunguka hospitali na maabara, fomu zikiwa mkobani. Siku zilizobaki alikaa mezani akilinganisha: jina, umri, kiungo kilichoshikwa, tarehe ya kugunduliwa, hatua ya ugonjwa, na mahali mgonjwa anapoishi. Mgonjwa akipita hospitali tatu, Bi Mstari ndiye aliyehakikisha kwamba hahesabiwi mara tatu. Mwenye majina mawili alimfuatilia mpaka ajue lipi la nyumbani na lipi la shuleni.

Mwisho wa mwaka kazi hiyo yote ilisagwa ikawa jedwali moja. Wilaya kumi na moja kushuka chini, mbele ya kila wilaya idadi ya wagonjwa wapya kwa kila watu laki moja, kisha neno moja: inapanda, inashuka, imetulia. Wakubwa walisoma jedwali hilo tu. Katika Wilaya ya Kwanza, yenye mji na hospitali kuu, saratani ya matiti ilikuwa ikipanda mwaka wa saba mfululizo. Wilaya ya Saba haikupanda wala haikushuka. Ilipewa kinyota, na chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, kinyota kikaelezwa: wagonjwa hawakufika ishirini kwa miaka mitano, kiwango hakikukadiriwa.

Bi Mstari alizaliwa Wilaya ya Saba. Mama yake na shangazi yake walifia huko, vidonda vya kifua vikiwa vimefunikwa kwa vitambaa. Kila alipofika kwenye ule mstari alijisikia kama mtu anayeambiwa kwamba kwao hakuna watu.

Sababu aliijua. Hospitali ya wilaya hiyo haikuwa na mashine wala daktari wa kukata kinyama cha kupima. Mwenye uvimbe aliandikiwa barua ya rufaa, na barua ikakaa kungoja mhuri wa daktari mkuu wa wilaya, ambaye alikuwa na vikao vingi kuliko wino. Miezi miwili, mitatu, mingine haina hesabu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, basi watu wakajifunza. Waliteremka mjini, wakafikia kwa binamu au kwa shemeji, na dirishani walipoulizwa wanaishi wapi walitaja mtaa wa mwenyeji wao. Mkazi wa mji hadaiwi barua, anapewa kadi siku ileile. Hakuna aliyewafundisha ujanja huo. Waliambizana wakichota maji na wakitoka mazikoni. Matokeo yake, mgonjwa wa Saba alihesabiwa wa Kwanza. Mji ukazidi kuonekana mgonjwa, ukazidi kuongezewa vitanda na madaktari, na Saba ikaachwa na afya yake ya kwenye karatasi.

Kwa hiyo Bi Mstari alihubiri. Aliwahubiria makarani wa madirishani wasikubali anwani ya kupanga kwa wiki mbili. Nyumbani kwao nako, kila alipokwenda likizo, aliwakalisha wifi, mashemeji na wadogo zake akawaambia: semeni mnakotoka, la sivyo hamtahesabiwa milele. Walimsikiliza kwa adabu. Ni mtu wa ofisi, na tena ni dada mkubwa.

Mwaka huo wizara ilitangaza mashine tatu za kupima matiti, zitakazopelekwa kwenye wilaya tatu kwa kufuata jedwali. Bi Mstari aliingia kwa mkuu wa kitengo kabla hata tangazo halijabandikwa. Mkuu alikuwa daktari mwenye umri wa mwanawe wa kwanza, mpole, na siku zote alimwita mama.

"Mama, mimi nakuamini," alimwambia. "Lakini kinyota hakina nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Hakimo tu."

"Asiyekuwepo na lake halipo, Bi Mstari," mtakwimu akaongeza kutoka mlangoni, bila kucheka.

Akaomba awatafute wagonjwa wa Saba walioandikwa mjini. Mkuu akampa mpaka mwisho wa mwezi na sharti moja: kila anwani itakayobadilishwa ibadilishwe kwanza kwenye faili la hospitali na kusainiwa na mkuu wa masjala. Wilaya ya Saba ilikuwa na wagonjwa tisa wa matiti. Walihitajika kumi na mmoja zaidi wafike ishirini.

Alianza na majina ya koo za kwao, maana hayo aliyajua kama vidole vyake. Kisha akatazama anwani zinazojirudia. Nyumba moja tu, nyuma ya stoo ya saruji, ilikuwa imetoa wagonjwa sita katika miaka mitano. Mtakwimu akasema nyumba hiyo izungushiwe utepe na watu wahamishwe. Bi Mstari alipofika alikuta mwalimu mstaafu aliyetoka Saba miaka mingi iliyopita, mwenye chumba kimoja cha akiba na moyo wa kutokataa mgeni. Mzee alikaa mbele ya mlango wa chumba hicho kama anayeulinda, akamuuliza kama amekuja kuwashtaki. Alipoelewa, alikwenda kuchukua daftari la shule, akamsomea wageni wake mmoja baada ya mwingine. Wanne walikuwa wamekufa. Mmoja alipona akarudi kwake. Wa sita alikuwa amelala humo chumbani, ametoka kwenye mionzi asubuhi ile.

Huyo wa sita ndiye aliyemfundisha Bi Mstari jambo ambalo miaka kumi na tisa ya fomu haikumfundisha. Alipouliza masjala itakuwaje akibadilisha anwani ya mtu aliye kwenye matibabu, mkuu wa masjala alimjibu kwamba faili litahamia dirisha la rufaa, na likishahamia halitoki mpaka barua ya wilaya ifike. Na mionzi? Itasimama. Si roho mbaya, alisema, ni utaratibu.

Bi Mstari akamwacha yule mwanamke kama alivyoandikwa, na wengine wote waliokuwa bado kwenye dawa. Aliwabadilisha waliomaliza na waliokufa. Familia mbili zilimkatalia katakata, zikaapa kwamba marehemu wao alizaliwa na kukulia hapohapo mjini. Kufikia wiki ya tatu Wilaya ya Saba ilikuwa na wagonjwa kumi na tisa. Kati ya kumi aliowarudisha, wanane walikuwa makaburini.

Jumatano ya wiki hiyo mdogo wake akabisha hodi. Alikuwa mshonaji wa sare za shule huko kwao, mwanamke wa maneno mengi na mikono isiyotulia, na siku hiyo mkono wa kushoto aliubeba kama wa mtu mwingine. Walipokaa alifungua vifungo vya blauzi. Bi Mstari alitazama titi lililovutwa ndani na tezi za kwapani, akajua la kuandika kwenye nafasi ya hatua kabla daktari hajasema.

Alimuuliza imeanza lini. Miezi saba. Akamuuliza, kwa sauti ambayo alitamani baadaye angeipunguza, alikuwa anangoja nini.

"Barua, dada," mdogo wake akasema. "Si ulituambia tuseme tunakotoka? Mimi nikasema."

Wenzake walimcheka, alieleza huku akifunga vifungo. Fundi wa viatu wa jirani alimwambia kabisa kwamba ana dada mjini na bado anapanga foleni ya mhuri, kweli penye miti hapana wajenzi. Lakini yeye aliona aibu. Dada yake ndiye mwenye daftari. Angeanzaje yeye kuwa mwongo?

Alhamisi asubuhi walisimama pamoja dirishani. Karani wa pale alikuwa amehubiriwa na Bi Mstari mara nyingi kuliko makarani wote wa jimbo. Alimsalimia, akavuta kadi mpya, akamuuliza mgonjwa anaishi wapi. Mdogo mtu akageuka kumtazama dada yake, kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Bi Mstari akataja mtaa wake na namba ya nyumba yake.

Karani aliinua macho. Aliandika, akapiga mhuri, akaelekeza chumba cha vipimo.

Majibu yalitoka baada ya siku kumi na moja. Bi Mstari hakusubiri kuitwa. Ilikuwa Jumatatu, siku yake ya mzunguko, na karatasi ya maabara ilimfikia pamoja na nyingine thelathini. Alijaza fomu ya mdogo wake kwa zamu yake, baada ya mzee mmoja wa tezi dume na kabla ya mtoto wa saratani ya damu. Hatua ya nne. Kwenye nafasi ya makazi aliandika Wilaya ya Kwanza, maana ndivyo faili lilivyosema, na kazi yake ilikuwa kufuata faili. Mwandiko haukutetemeka. Hilo lilimuumiza siku nyingi.

Dawa zilianza wiki ileile. Mwisho wa mwezi ukafika. Mtakwimu alifungua jedwali kwenye kompyuta, akasogeza kiti ili aone vizuri.

"Kumi na tisa," akasema. "Mmoja tu, Bi Mstari. Hakuna hata mmoja aliyesahaulika?"

"Yupo. Yuko kwenye dripu."

Kijana alijua ni nani. Ofisi nzima ilijua. Akatazama kibodi. Mkuu wa kitengo aliitwa, akasimama nyuma yao mikono mfukoni, akauliza polepole kama faili haliwezi kuhama siku moja tu, saini ipatikane, kisha lirudishwe. Bi Mstari akamwambia ameshauliza hilo mara mbili. Dirisha la rufaa ni mlango wa kuingilia tu. Mkuu akasema hawezi kuandika ishirini wakati ni kumi na tisa, na Bi Mstari akamjibu kwamba hakumwomba aandike. Angejaribu, yeye mwenyewe angemkatalia. Jedwali lilitumwa saa tisa alasiri. Mashine moja ilikwenda Wilaya ya Kwanza, ambako viwango vilikuwa vinapanda.

Nyumbani alimkuta mdogo wake amekaa kitandani na nguo zote za Bi Mstari zimemzunguka. Nywele zilikuwa zimeanza kutoka, kucha zimekuwa nyeusi, lakini alikuwa amepata sindano mahali na anapunguza mabega ya blauzi moja baada ya nyingine. Alisema ameona aibu kuishi na mtu anayenyoosha jimbo zima na mabega yake yamepanda na kushuka. Bi Mstari akakaa ukingoni mwa kitanda akamweleza matokeo, kwa sababu hawakuwahi kufichana. Alimweleza ishirini, kumi na tisa, faili, dirisha. Mshonaji alisikiliza akiuma uzi.

"Kwa hiyo mimi nikifa ndiyo nitahesabiwa kwetu?"

"Acha mzaha."

"Sio mzaha, dada. Nauliza hesabu. Nikifa kabla ya jedwali la mwakani, tunafika ishirini?"

Bi Mstari alijua jibu. Wagonjwa wa mwaka wa zamani zaidi wangetoka kwenye ile miaka mitano, wanne, na wapya wangeingia kama wangekubali kuandikwa. Alianza kueleza hivyo, kwamba haiendi hivyo, kwamba ni miaka mitano inayosogea, akasikia sauti yake ya ofisini ikitoka ndani ya chumba kile, akanyamaza. Mdogo wake akamtupia blauzi iliyokwisha aijaribu. Mabega yalikaa sawa.

Siku chache baadaye simu ya mshonaji iliita akiwa amelala, na Bi Mstari akaipokea ukumbini. Alikuwa mke wa yule fundi viatu. Alimjulia hali mgonjwa, akawajulia hali watu wote wa nyumba, akauliza mpaka habari za maji, kama afanyavyo mtu mwenye lake kooni. Kisha akasema ameona kitu, upande wa kulia, hakiumi. Daktari wa wilaya amemwandikia barua, inangoja mhuri. Amesikia kwamba kwa mjini si lazima.

"Nilikuwa nataka kuuliza, dada, kama hutachukia. Nikifika pale dirishani niseme nakaa wapi?"

Fomu za mwaka mpya zilikuwa mezani, hazijaguswa. Chumbani mdogo wake alikohoa, akageuka, akatulia. Bi Mstari alimwambia yule mama asingoje mhuri, aje na gari la kesho. Akamtajia mtaa na namba ya nyumba. Upande wa pili akasikia droo ikifunguliwa, na sauti ikimwomba asubiri, kalamu haiandiki. Akasubiri. Halafu akarudia, polepole, namba kwa namba, mpaka mama yule alipomsomea yote na yakawa sahihi.