Kambale Aliyeitwa Edward

Kwetu Wanande mtoto wa kiume wa pili huitwa Kambale, wazazi wapende wasipende. Ukisimama sokoni Butembo ukaita Kambale, utageukiwa na wanaume mpaka ujute. Ndiyo maana jina la ubatizo lina kazi kwetu: linatenganisha Kambale huyu na yule.

Kaka yangu alibatizwa Edward. Padri alishauri Édouard, la Kifaransa, lakini papa, baba yetu, alishikilia la Kiingereza, kwa sababu ya mnunuzi wa kahawa aliyefanya naye biashara ng'ambo ya mpaka, Uganda. Mtu huyo ndiye aliyemweleza kwamba ni jina la Waingereza wa zamani, limeungwa kwa maneno mawili, moja la mali na jingine la mlinzi. Mlinzi wa mali! Papa hakulala kwa furaha. Tangu hapo kuku akipotea, kaka ndiye aliyeulizwa, nami nilimcheka sana.

Sijui Waingereza hao walilinda mali gani, wala kwa silaha gani. Mali yetu sisi ilikuwa shamba la kakao karibu na Oicha. Watu walipoanza kuuawa na waasi mashambani tuliliacha, na wezi wakawa wanavuna badala yetu. Papa yalimshinda.

"Weye ndiye mulinzi," alimwambia kaka tukiwa tunakula. "Wende uangarie kakao yetu."

Kaka alicheka, akanawa mikono, akaenda. Nilimchukia papa siku ile, na mpaka leo chuki ile haijanitoka.

Habari ilikuja siku chache baadaye, mchana. Mama na jirani yetu walikuwa uani wakichambua maharagwe, mwenye pikipiki aliyetoka Oicha akasimama mlangoni.

"Bamama, pole. Kambale bamemuua mu shamba ya kakao."

Jirani naye alikuwa na Kambale wake huko Oicha, kibarua wa kuvuna kakao. Wanawake wale wawili wakatazamana.

"Kambale gani?" mama aliuliza.

"Balisema tu Kambale wa avenue hii."

"Bakambale beko bengi," mama alisema, na sauti yake ilikuwa na nguvu.

Mwenye pikipiki alitaka kupiga simu aulize, lakini réseau, mtandao wa simu, haikukamata, akatoka kuitafuta barabarani. Sisi tukabaki tunangoja. Sijawahi kuomba dua mbaya kama ile. Nilimwomba Mungu aliyeuawa awe yule mwingine, kijana aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na nilijua kwamba jirani, pale kando yangu na rozari yake mkononi, alikuwa akiomba awe wetu. Mama aliendelea na maharagwe, akitupa mazima pamoja na mabovu.

Mwenye pikipiki akarudi. Hakumtazama mama.

"Banasema ni ule wa jina ya Edward."

"Aksanti Yezu," jirani alisema kwa sauti.

Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akaanguka chini, akamshika mama miguu, akalia kuliko sisi sote. Sikumkasirikia. Mimi ningeambiwa kwamba aliyeuawa ni yule mwingine, ningeshukuru kwa maneno yale yale.

Mama alimwekea mkono kichwani.

"Simama," alimwambia. "Umupigie mutoto wako simu. Umuambie arudie nyumbani."