Vumbi la Chai Kavu

Siku niliyoripoti kazini nilipanda kutoka Soni juu ya lori la shamba, nimekaa kwenye magunia ya mbolea, sanduku langu la bati katikati ya miguu. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya uuguzi msaidizi, nina sare mbili nyeupe na viatu vilivyonibana. Zahanati ya shamba la chai niliyopangiwa ilikuwa na vyumba vitatu, ukumbi wa saruji na bustani ya maua iliyopandwa na mtu niliyekuja kumwita Bwana Dresa mpaka alipostaafu.

Dresa, siku hizo, alikuwa mtu wa kufunga vidonda na kutoa dawa, na katika shamba lisilo na daktari ndiye aliyekuwa daktari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akimimina dawa ya kikohozi, mikscha nyeusi, kutoka kwenye chupa kubwa ya kioo hadi vichupa vidogo. Nje kulikuwa na mstari wa wanawake. Nyusi na kope zao zilikuwa na unga wa rangi ya kahawia, kana kwamba wamepita chini ya mtu anayepepeta.

"Hao ni wachambuaji," Bwana Dresa aliniambia. "Usipoteze muda kuwauliza. Kila mmoja kichupa kimoja."

"Wanaumwa nini?"

"Wanaumwa chai!" Akacheka. Nami, kwa kuwa nilikuwa mgeni na sikutaka kuonekana mjuaji, nikacheka naye.

Lazima niwaeleze vijana kiwanda kilivyokuwa, maana sasa mnaona chai ikiwa kwenye pakiti tu. Majani mabichi yalitandazwa juu ya vyandarua virefu ghorofani ili yanyauke. Kisha yalishuka kusokotwa na mashine, yakalazwa kwenye sakafu yenye unyevu mpaka yageuke rangi ya shaba, halafu yakaingia kwenye tanuri la kukaushia. Hapo harufu ilifika mpaka kanisani. Mwisho wa yote kilikuwa chumba cha kuchambulia, ambamo chekecheke kubwa zilitikisika kutwa nzima kutenganisha chai nene na chai laini. Ile laini kuliko zote iliitwa dasti. Jani la chai lina vinyweleo, na likikauka vinyweleo hivyo hukatika na kupaa. Madirisha ya chumba kile yalifungwa daima, kwa sababu ukungu wa Usambara ukiingia, chai inanyonya unyevu na kuharibika. Kwa hiyo chai ililindwa dhidi ya ukungu, na wanawake wakavuta kilichobaki.

Kiongozi wao alikuwa Mama Rajabu, mzaliwa wa Mgwashi, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyosikika juu ya mashine. Alinizidi miaka kama kumi na miwili. Alinipokea vizuri kuliko mtu yeyote pale. Jumapili nikitoka ibadani, nilipita kwake, nikakuta viazi vitamu chini ya kawa na birika limefunikwa kitambaa. "Kula, Sista," alikuwa akisema. "Wewe umekonda, wagonjwa watafikiri ndiwe uliyekuja kutibiwa." Alinifundisha kuonja chai bila sukari, kuisogeza ulimini na kusema imetoka upande gani wa shamba. Katika maisha yangu yote ya kazi sijapata tena Jumapili kama zile.

Baada ya Azimio la Arusha, shamba likawa mali ya umma. Meneja Mzungu aliondoka, akaja Meneja wetu, kijana msomi kutoka bara, aliyevaa kaunda suti na kutaka aitwe Ndugu. Sikumchukia wakati ule na simchukii leo. Alifika kazini kabla ya king'ora na aliamini kila neno alilosema. Bwana Dresa alikuwa amestaafu, zahanati imebaki mikononi mwangu.

Ndugu Meneja aliniita ofisini. Mezani aliweka rundo la ED, yaani vile vyeti vya kumruhusu mgonjwa apumzike.

"Sista, hizi ni nyingi mno. Zamani mtu akikwepa kazi alikuwa anamkwepa beberu. Leo anamkwepa nani?"

"Wanakohoa, Ndugu Meneja."

"Wana kifua kikuu?"

"Tumepeleka makohozi hospitali. Hayana kitu."

"Basi kama hayana kitu, hawana kitu."

Nilitoka pale nikiwa nimekubali. Hilo nataka lieleweke. Hakunilazimisha. Hoja yake ilinitosha, maana nilifundishwa kwamba ugonjwa ni kile kinachoonekana kwenye darubini. Wiki hiyohiyo Mama Rajabu alikuja mara ya tatu katika mwezi. Nilisikiliza kifua chake, kikapiga miluzi kila alipotoa pumzi. Nikachukua kalamu nikaandika: *Mzima. Arudi kazini.* Alipokea karatasi kwa mikono miwili, akasema asante, akarudi kiwandani.

Mwisho wa mwezi ulifanyika mkutano uwanjani, mbele ya kiwanda. Katibu wa tawi la chama alisoma majina ya waliougua mara nyingi, akawataka wasimame mbele ya wenzao. Mama Rajabu alisimama. Akaomba kujieleza.

"Ndugu zangu, mimi nimeingia chumba kile nikiwa na mtoto mgongoni," alianza, na hapo kikohozi kikamshika. Alikohoa akainama, akashika magoti, akajaribu tena kusema, kikamshika tena. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Kupe!" Watu wakacheka. Kupe ndilo jina walilopewa watu wanaoishi kwa jasho la wengine, na siku zile hapakuwa na tusi lililouma zaidi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbele, nimevaa sare yangu nyeupe.

Siku nne baadaye wakamleta kwenye blanketi, wameshika pembe nne. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Nilimchoma sindano ya aminofilini, dawa ya kufungua njia za hewa, polepole kwenye mshipa, kama nilivyofundishwa. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha mabega yake yakashuka, akaanza kupumua kama watu.

Jioni hiyo nilikaa pembeni yake, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nikauliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza siku ya kwanza.

"Mama Rajabu, ulipokwenda Mgwashi kwenye msiba wa baba yako, ulikohoa?"

Alifikiri. "Siku tatu za mwanzo. Baadaye nikawa nachanja kuni kama msichana. Nilipanda ule mlima wa msikitini bila kupumzika."

"Na uliporudi kazini?"

"Siku ya pili tu, kifua hiki hapa."

Nilitoa madaftari ya wagonjwa ya miaka yote, hata yale yenye mwandiko wa Bwana Dresa. Hayakuwa na safu ya kazi. Kulikuwa na jina, umri, dini, kabila, ugonjwa na dawa. Ilibidi nikae na karani wa mahudhurio siku tatu, jina kwa jina, nikiandika pembeni kwa penseli kila mtu anafanya kazi wapi. Wachumaji wa shambani walikohoa wakati wa masika, wakapona. Watu wa tanuri walikuwa na vidonda vya moto. Wachambuaji walikohoa masika, kiangazi, vuli, mwaka baada ya mwaka, na waliohamishwa au kwenda likizo waliacha kuonekana zahanati. Haikuhitaji mtu aliyesoma chuo kikuu. Ilikuwa pale muda wote, imefungwa kwenye kabati langu.

Ndugu Meneja alifunua kurasa zangu haraka haraka. "Chai haiui mtu, Sista. Mimi nakunywa vikombe sita kwa siku."

"Unainywa, Ndugu Meneja. Wao wanaivuta." Nilikuwa naogopa, lakini nilishaanza. "Nakuomba kitu kimoja. Njoo usimame nao, kuanzia king'ora cha kwanza mpaka mapumziko ya chai."

Alinitazama kama mtu aliyekosewa adabu. Kesho yake akaja. Mashine zilipoanza, wingu likapanda mpaka taa zikawa za manjano. Alisimama karibu na chekecheke ya dasti, mikono nyuma. Kaunda suti yake ikabadilika rangi. Baada ya muda akatoa leso. Baadaye akaiweka puani, haikuondoka tena. Ila hakutoka. King'ora cha mapumziko kilipolia, alikwenda nje akashika ukuta, akakohoa, macho yanachuruzika, na wanawake wakampita mmoja mmoja. Mama mmoja akamletea maji kwenye kikombe cha bati.

Mchana aliniita pamoja na Fundi Mkuu, mzee wa Kishambaa aliyekuwa na vidole vinane na uwezo wa kutengeneza chochote.

"Mghoshi," Ndugu Meneja alimwambia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitumia neno la heshima la kwetu, "unaweza kuutoa ule moshi wa chai bila kuingiza ukungu?"

"Ningeweza tangu zamani," Fundi Mkuu alijibu. "Hakuna aliyeniuliza."

Alichukua feni ya tanuri bovu, akakunja mabati kuwa bomba pana mdomoni, akaliweka juu ya chekecheke, akatoboa ukuta na kuning'iniza gunia nje la kupokea vumbi. Gunia lilijaa kwa siku mbili. Tukapanga zamu, mtu asikae chumba kile zaidi ya miezi miwili mfululizo. Kwenye mkutano uliofuata Ndugu Meneja alisimama akasema yale majina yalisomwa kwa makosa, na kosa ni lake. Watu hawakujua wapige makofi au wanyamaze. Wengine walipiga.

Mama Rajabu alihamishiwa kwenye kitalu cha miche, chini ya makuti, mahali penye hewa na udongo mbichi. Alipata nafuu, hakupona. Mapafu yaliyokwisha kuchoka hayarudi kuwa mapya. Ile sauti yake ya kushinda mashine ikawa sauti ya kawaida.

Nilipopata uhamisho kwenda Lukozi, nilikwenda kitaluni kumuaga. Nilikuwa nimebeba jambo hili muda mrefu.

"Dada, ile karatasi niliyokuandikia, ulirudi nayo kazini bila kujua inasema nini. Niliandika kwamba huumwi."

Aliendelea kukandamiza udongo kwenye mche. "Nilijua. Karani alinisomea mlangoni."

"Sasa mbona ulinikaribisha Jumapili ile ile? Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeona haya kunitazama," alisema, akapumzika kuvuta hewa. "Na mimi nilihitaji nesi anayenitazama."

Nililia palepale, akaniacha nilie, kisha akanipa mche mmoja niende nao. Haukushika. Lukozi kuna baridi kali na mimi si mkulima.

Huko Lukozi niliwakuta wakulima wa kabichi wakibeba pampu za dawa ya wadudu mgongoni, na nikawatibu bila kubahatisha, kwa kuwa nilishajua cha kuuliza. Mtu akija anatoka jasho, udenda unamtoka, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, nao ndugu zake wanasema amelogwa, unauliza tangu asubuhi alikuwa anafanya kazi gani. Kisha unamvua shati, unamwosha kwa sabuni, unamtafutia atropini, dawa ya kupunguza sumu hiyo, na gari la kumfikisha hospitali.

Nilistaafu miaka mingi iliyopita. Siku ya kuniaga, Mganga Mkuu wa wilaya alisoma faili langu mbele ya wageni, akalisifu kwa sauti kubwa. "Mama huyu," alisema, "kwa miaka yote hii hakukosa kazi hata siku moja kwa ugonjwa." Watu wakapiga vigelegele, nikavishwa kitenge. Nilishukuru, tena kwa moyo. Nilikuwa nimefanya kazi kwenye hewa safi, nyuma ya dirisha lililo wazi. Nikiwa nimesimama pale nimevaa kitenge kipya, niliwaza kuhusu wanawake wa chumba cha kuchambulia, ambao hata wakiugua walirudishwa kazini, siku baada ya siku, na hicho hasa ndicho kilichowaumiza.