Umeme Utapimwa kwa Mizani ya Nani?

Baba alikuwa mkaidi, na ukaidi wake nusura utunyime umeme. Mwekezaji mmoja alitaka kujenga mtambo mdogo kwenye mto wetu kule Matiri, lakini mfereji wa maji ulipaswa kukatiza shamba la baba la ngolo, yale mashimo yetu ya mraba yanayozuia udongo usiporomoke mlimani. Baba akakataa katakata. Nilikasirika sana, maana mashine ya kusaga ya kijiji, ya dizeli, ilikuwa imekufa, na mama alibeba mahindi kichwani hadi ng'ambo ya mlima kwenda kusaga. Alikuwa anakonda huku nikimwona.

Kilichomkwaza baba ni kahawa. Tangu serikali iruhusu wanunuzi binafsi, walikuwa wametuzungusha vya kutosha: asubuhi bei hii, jioni nyingine, na mizani imechezewa. Kwa hiyo kwenye mkutano wa kijiji alisimama akauliza, "Huo umeme mtaupima kwa mizani ya nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini wazee wote waliguna kukubali, na mhandisi aliyetumwa na mwekezaji hakucheka. Alieleza kwamba kutafungwa mita, kwamba umeme wa ziada utanunuliwa na shirika la umeme, na kwamba bei imeshatangazwa na kuwekwa kwenye mkataba wa miaka mingi. Bila hivyo benki isingewakopesha.

Baba aliduwaa. "Yaani maji yanajua bei yake kabla hayajauzwa? Na kahawa yangu je?"

Watu waliangua kicheko, nami nikacheka na hasira zangu.

"Hapo, mzee wangu, sina jibu," mhandisi alisema.

Nadhani jibu hilo ndilo lililomlainisha baba. Hakuwa amezoea mtu wa biashara anayekiri kwamba hajui. Akatoa ukanda wa shamba kwa sharti kwamba mashine ya kusaga ya kijiji iunganishwe kwanza, ndipo ziada iuzwe. Likaandikwa, akaweka dole gumba.

Siku mashine mpya ilipowashwa, mama aliondoka baada ya chai. Sijamaliza kufagia uwanja, huyo amerudi na unga wake. Nilishusha pumzi utadhani mzigo ulikuwa wangu. Mama aliutua, akatazama jua, akaketi kibarazani mikono ikiwa mapajani. Sikuwahi kumwona amekaa mchana.

"Mwanangu," akaniuliza, "sasa nifanye nini?"