Asali ya Ushirombo Katika Mitaa ya Geita

Mwaka ule Veronika, binti wa kaka yangu Lazaro, aliposwa na mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewajua watu wake. Jina lake Kosmas, Mngoni wa Songea, mwendesha winchi katika mgodi wa dhahabu wa Geita. Alikuja Ushirombo wakati wa Noeli kumtembelea rafiki yake, akamwona Veronika kanisani, na kabla ya Pasaka mshenga wake alikuwa ameketi barazani kwa kaka yangu. Veronika alikuwa amekwisha kumkubali. Kaka ndiye aliyekwama. Mtu wa jirani unamjua hadi babu yake. Unajua kama ukoo wao ni wagomvi au wavivu. Mngoni wa Songea utamuulizia kwa nani?

"Kwa wale anaoishi nao," nilisema. "Nitafutieni nafasi kwenye lori. Nitakwenda mimi."

Kaka alicheka, kisha akaona kwamba sicheki. Mimi ni shangazi wa Veronika, na katika posa shangazi ana neno lake. Tena ni mjane, watoto wangu wamekwisha kujitegemea, masista wa misheni walinifundisha kusoma, na sijawahi kumwogopa mtu anayekula ugali kama mimi. Nilijaza debe asali ya msituni nikachukua na kikombe cha kupimia, maana muuza asali hupita mlango wowote bila kuulizwa amefuata nini.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la Mwarabu mmoja wa Kahama, lililopakia karanga. Dereva wake, Abdala, aliniweka mbele kwa heshima ya umri wangu. Hadi Runzewe njia ilikuwa nzuri, na tuliposimama hapo kunywa chai, nyuki walinusa debe langu wakalizingira lori hata abiria wakaruka chini wakikimbia huku na huku. Mimi nilibaki nimekaa. Nyuki wa kwetu nawajua. Ukitulia, nao hutulia.

Kuanzia hapo ni msitu mtupu, na msitu ule ni wa mbung'o. Mahali fulani tulikuta kizuizi. Bwana mmoja mwenye wavu mdogo alizunguka lori, akachungulia chini na kwenye magurudumu kuwatafuta mbung'o waliojificha, wasije wakachukuliwa hadi kwenye ng'ombe wa watu. Akamkamata nyuki.

"Huyu si wangu," alisema.

"Ni wangu," nikamjibu. "Mwachie."

Alicheka akatufungulia njia. Tulilala kijijini njiani, na kesho yake mchana milima ya Geita ikatokea, ya mawe na vichaka. Kabla sijauona mji niliusikia. Kinu cha kusaga mawe ya dhahabu kilikuwa kikinguruma bila kupumzika, na watu walizungumza juu ya mngurumo ule kana kwamba haupo.

Abdala alinishusha Uswahilini, kwa Mama Zaituni, mwanamke mnene wa Kimanyema aliyepangisha vyumba. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, milango yake imetengenezwa kwa madebe yaliyopigwa yakanyooka. Tulisalimiana, nikamuuliza kwao ni wapi.

"Nimezaliwa Ujiji, nikaolewa Tabora, nikafiwa hapa," alisema. "Chagua mwenyewe."

Jioni ile tulikula wali kwa samaki wa ziwani, na aliposikia kwamba mimi ni Mkristo akanielekeza mwenyewe mahali wanaposalia Wakatoliki. Baraza yake ilikuwa imejaa wapangaji: fundi viatu Mnyamwezi, Waha wawili waliotoka Kasulu kwa miguu, na mfyatua matofali aliyesema ni Mrundi leo na Msubi kesho. Wote walizungumza Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake, wakaelewana vizuri kabisa. Sikumtaja Kosmas. Niliuza asali kidogo nikasikiliza.

Asubuhi nilikwenda Kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Zimepangwa mistari minyoofu, zote zimepakwa chokaa, na mgeni anaweza kuingia nyumba isiyo yake mara mbili kwa siku moja. Wanawake walikuwa bombani wakisubiri maji: Wajaluo, Wafipa, Wangoni, Wasukuma. Niliwaonjesha asali. Ukishamwonjesha mtu kitu kitamu, hakunyimi maneno.

"Kosmas wa winchi?" alisema Mfipa mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Huyo ndiye anayewashusha waume zetu shimoni na kuwapandisha. Mume wangu anasema Kosmas akiwa zamu, anashuka bila wasiwasi."

"Lakini mchoyo," mwingine akadakia. "Pombe hanywi, ngomani haendi. Mshahara wake anaupeleka wapi?"

Wakacheka. Niliweka maneno yote mawili moyoni nikaenda zangu.

Kutoka Kambini nilipanda Uzunguni. Huko kuna maua mbele ya kila nyumba na hakuna mtu njiani isipokuwa watunza bustani. Mpishi mmoja, mzee Mnyakyusa, alinunua asali kwa ajili ya bibi yake wa Kizungu, akaniambia kwamba Kosmas anaimba besi kanisani, na sauti yake ni kubwa kuliko mwili wake. Zaidi ya hapo hakujua. Uzunguni watu hawajuani sana.

Nikashuka Uhindini. Huko maduka yamefuatana, harufu ya bizari na vitambaa vipya, na kila baraza ina fundi cherehani wake. Mke wa mwenye duka alinunua vikombe kadhaa, akaonja, akamwita mama mkwe wake naye aonje. Nikiwa nimekaa barazani kupumzika, nikamuuliza fundi cherehani, mtu wa Tabora mwenye kofia ya kufuma, kama anamfahamu Kosmas.

"Sana. Mteja wangu. Juzi tu amechukua gauni."

"Gauni la nani?"

"La mtoto wake. Kila sikukuu lazima amshonee."

Fundi aliendelea kukanyaga cherehani yake bila kujua amesema nini. Mshenga alikuja kwetu, akala, akanywa, akatuambia Kosmas hajaoa wala hana mtoto. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nilitaka kwenda mgodini saa ile ile kumtoa kwenye winchi yake, lakini nikakumbuka wanaume walioko shimoni.

"Mtoto mwenyewe anaishi wapi?" niliuliza.

"Ng'ambo ya kijito, kwa Wasukuma. Ulizia kwa Mama Kabula."

Alasiri nilivuka kijito. Ukivuka, mji unakwisha ghafla. Mistari ya nyumba haipo tena; kuna maboma ya Wasukuma yenye uzio wa minyaa, mashamba ya pamba na mihogo, na ng'ombe wakirudi. Nilipiga hodi kwa Mama Kabula. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mrefu, mkavu, akipepeta mtama.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia mama yule kwa Kisukuma changu kidogo.

"Mwadila. Kalibu ukae."

Alinipa kigoda. Mtoto wa kike, labda wa miaka minne, alitoka ndani akasimama karibu na goti la bibi yake. Alikuwa na gauni jipya la maua mekundu, na paji la uso pana. Nilimpa asali kwenye kidole. Sikuweza kuendelea kujifanya muuza asali mbele ya yule mtoto. Nikasema: "Mimi ni shangazi wa msichana ambaye Kosmas ameposa huko Ushirombo."

Mama Kabula aliuweka ungo chini. Alimvuta mtoto kwake kwa mikono miwili.

"Umekuja kumchukua Minza?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, lakini swali hilo sikulitazamia. Nikamwambia hapana, sikujua hata kama Minza yupo. Alinitazama kwa muda kuhakikisha, kisha akaanza kusimulia. Kabula alikuwa binti yake wa pekee. Kosmas alimwoa kwa desturi ya Kisukuma, akatoa ng'ombe wote waliotakiwa. Kabula alifariki siku chache baada ya kumzaa Minza.

"Baada ya msiba hakudai ng'ombe hata mmoja alejeshwe," alisema. "Kila Jumapili akitoka kanisani yuko hapa. Lakini ng'ombe walitolewa, mayu. Kwa desturi mtoto ni wake. Siku akipata mke akaja kumchukua, mimi sina neno. Nitabaki na nini?"

Minza alikuwa amekwisha kukaa mapajani mwangu akitafuta asali nyingine. Nilimwambia Mama Kabula ukweli, kwamba sijui litakalotokea, ila kwamba sitaondoka Geita kabla sijalisema jambo hili mbele ya Kosmas mwenyewe.

Jioni nilimweleza Mama Zaituni yote, naye akamtumia Kosmas salamu kwamba ana mgeni. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, mfupi, mabega mapana, vumbi la mawe kwenye nyusi. Aliponiona akanijua, maana wakati wa Noeli aliniona kanisani pamoja na Veronika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimetoka kwa Mama Kabula."

Alikaa chini polepole. Mama Zaituni aliwafukuza wapangaji wote barazani, kisha yeye mwenyewe akabaki, maana nyumba ni yake.

"Nilimwambia mshenga asiseme," Kosmas alianza. "Niliogopa mtanikataa kabla hamjaniona. Nilitaka mnifahamu kwanza, halafu nije niseme mwenyewe."

"Lini? Baada ya ndoa?"

Mama Zaituni aliguna.

"Umetudanganya sisi, si kitu, tumezoea wanaume," nilisema. "Lakini kuna bibi ng'ambo ya kijito hapati usingizi kwa sababu hujamwambia utafanya nini na mjukuu wake. Na kuna msichana Ushirombo anashona shuka zake hajui kwamba ana mtoto wa kulea. Wewe ukiwa kwenye winchi watu wanakuamini. Ukiondoka hapo mbona hujiamini?"

Alifuta vumbi usoni kwa kiganja. Ile sauti kubwa niliyosimuliwa ilikuwa imebaki ndogo.

"Sitamwacha Minza," alisema. "Kama jibu lenu ni hapana kwa sababu yake, basi liwe hapana. Nampenda Veronika, lakini mtoto simfichi tena."

"Hilo lingekuwa neno lako la kwanza kwetu," nikamwambia, "saa hizi ungekuwa mkwe." Lakini moyoni nilikuwa nimeanza kumpa alama nyingine. Mtu anayekubali kukosa anachokitaka kwa ajili ya mtoto hawezi kuwa mtu mwepesi.

Kurudi nilirudi na Abdala yule yule, debe likiwa tupu. Njia nzima nilikuwa nikifikiri nimweleze vipi kaka yangu. Nilipofika niliwaketisha wote, kaka, mkewe na Veronika, nikasema kila kitu kwa mpangilio: wanawake wa bombani, mpishi, fundi cherehani, Mama Kabula, na yale aliyoyasema Kosmas barazani.

"Basi yamekwisha," kaka alisema. "Mwongo."

Veronika alikuwa ameinamia mikono yake. Kisha akainua uso akauliza:

"Mtoto anafanana na nani?"

"Na baba yake paji la uso. Mengine nadhani ni ya mama yake."

"Na yule bibi anaishi peke yake?"

"Yeye na Minza."

"Kosmas amenikosea, na atakuja hapa aniambie mwenyewe," alisema. "Nikimsikia ndipo nitajua kama namsamehe. Lakini hata nikimsamehe, baba, ruhusa yako peke yake haitatosha. Kuna mama wa mke wa kwanza. Yeye ndiye aliyepoteza mtoto. Naye aje. Akikataa, siolewi."

Kaka yangu alikubali bila ubishi. Katika maisha yangu nimemwona hivyo mara chache.

Walikuja baada ya mavuno ya pamba. Kosmas alishuka kwenye lori kwanza, akampokea Minza, kisha akamshika mkono Mama Kabula, ambaye hakuwa amewahi kufika Ushirombo na alikuwa amejifunga kaniki mpya. Kosmas alizungumza na Veronika nje ya nyumba, sisi tukiwatazama kwa mbali. Alizungumza sana. Veronika alizungumza kidogo, na mara moja tulimwona akimnyooshea kidole. Kisha akamwacha pale, akaja hadi alipoketi Mama Kabula, akapiga magoti.

"Sitamtoa Minza kwako," alisema. "Tumekubaliana tujenge ng'ambo ya kijito, karibu na uzio wako. Alale anapotaka."

Mama Kabula alikuwa mtu mkavu, nimekwisha kusema. Hakulia. Alimwekea Veronika mkono kichwani akauacha hapo kwa muda mrefu.

"Kabula hakuwa na mdogo," alisema mwishowe. "Sasa anaye."

Kaka yangu akasimama, akamletea Mama Kabula kiti chake mwenyewe, kile asichoruhusu mtu akalie, akamwita mkwe.

Nilikwenda Geita nikiwa na swali moja: mtu huyu kwao ni wapi? Katika mji ule swali hilo halifiki mbali, maana hata aliyezaliwa karibu amehamia mtaa mwingine, na kila baraza ina watu wa nchi tano. Nilijifunza kuuliza jingine: huyu ana nani, na anawatendeaje? Hilo linajibika kila mtaa, na majibu yakikusanywa mtu anaonekana mzima. Siku hizi wenzangu wakiniuliza Veronika ameolewa kwa nani, nawaambia wakae, maana jibu ni refu. Ameolewa na Mngoni, anaishi kwa Wasukuma, nguo zake anashonewa na mtu wa Tabora, na mtoto wake wa kwanza wa kumzaa alipokelewa na Mama Zaituni, Mmanyema, aliyevuka kijito kwa miguu mvua ikinyesha. Jina la mtoto ni Kabula.