Kikapu cha Marehemu

Akiogopa, mjukuu wa mzee hufumbata vidole gumba. Ndivyo alivyosimama mbele ya wazazi, siku ya wanafunzi kuonyesha kazi zao za mwaka: michoro, insha, na kikapu. Mzee alikitambua. Ni cha mwisho alichosuka mkewe kabla hajafa.

“Umesuka mwenyewe?” mwalimu aliuliza.

“Ndiyo, madamu.” Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. Akamtazama babu yake.

“Eti, babu?” mwalimu akamgeukia mzee.

Mzee akavua kofia. “Kasuka yeye. Nilimwona.”

Makofi yakapigwa. “Bibi yake kaacha mrithi!” mama mmoja akashangilia.

Jioni, walipofika kwenye kaburi la mkewe pale migombani, mzee alipita akitazama upande wa pili. Nyuma yake, mjukuu alikuwa amefumbata vidole.