Bakuli la Nne kwa Mama Mei

Sisi tuliokuwa shule ya msingi wakati barabara ya Korogwe kuja Handeni inawekwa lami tulikula vumbi la kututosha mpaka uzeeni. Asubuhi tuliondoka nyumbani tumepakwa mafuta, tukifika shule tumekuwa wekundu mpaka kope. Jioni tulipanda marundo ya kifusi kando ya barabara, tukakalia madumu yaliyokatwa na kuteleza mpaka chini, na kaptula za wavulana wote wa Chanika kwetu, hapo Handeni, zikatoboka mahali pamoja. Greda likipita tulipiga kelele, "Mchina! Mchina!" na yule fundi mwenye kofia ya njano alitupungia mkono. Mtoto wa leo ukimwambia greda lilikuwa burudani, anakutazama kama unaumwa.

Baba yangu aliendesha gari la maji la wajenzi wale, lile linalomwagia barabara. Kwa hiyo kwetu tulizijua habari za Wachina kuliko majirani. Tulijua kwamba wanakunywa maji ya moto hata jua likiwa kali, na kwamba Korogwe, karibu na chuo cha ualimu, kuna mama wa Kichina amefungua mgahawa. Kulikuwa na mgahawa mwingine wa Kichina kule stendi, lakini haukudumu. Watu walivumisha kwamba mbwa wa mtaa ule wanapungua, basi ukakosa wateja. Huu wa karibu na chuo ulidumu kwa sababu ya Rashidi.

Rashidi alikuwa mtu wa Mashewa. Ndiye aliyekuwa mhudumu, mkalimani na mchinjaji. Mwenye mgahawa, tuliyemwita Mama Mei kwa jina la binti yake aliyebaki kwao, alielewa mapema kwamba Waislamu wa huku hawatakula kwake mpaka wamjue aliyeshika kisu. Akanunua karai la pili na mabakuli ya bluu. Nguruwe alikaa kwenye mabakuli meupe, sisi tukala kwenye ya bluu, na hayakuoshwa kwenye beseni moja. Rashidi alisimama mlangoni akiwaambia wapita njia, "Karibuni, kisu ni changu na bismillahi ni yangu." Kuku walitoka kwa mama yangu. Kila Jumapili aliwafunga miguu, akatuchukua mimi na mdogo wangu Zaina, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, tukapanda gari mpaka Korogwe. Baba naye alitukuta huko akitoka kambini, tukala wote wanne.

Mpaka leo nikisikia harufu ya tangawizi na kitunguu saumu vikikaangwa kwa moto mkali, mate yananijaa. Kulikuwa na wali uliokaangwa na mayai, tambi ndefu ambazo Zaina alizivuta mpaka zikamchapa puani, na supu ya nyanya na yai lililotawanyika kama nyuzi. Meza ilikuwa ya duara, katikati ina kioo kinachozunguka, na sisi tulikizungusha mpaka chupa ya mchuzi mweusi ikaanguka. "Hiki ni chakula, si pia ya kuchezea," mama alitukemea. Wanachuo walikuja na mashati yao meupe kujifunza kushika vijiti mbele ya wasichana, na vipande vya kuku viliruka mpaka meza ya jirani. Baba aliwacheka. "Mwalimu, Mungu amekupa vidole vitano, unahangaika na viwili vya mti?"

Lakini chuo kikifunga, mahali pale palibadilika. Sisi peke yetu tulikaa kwenye ukumbi mzima, mapazia yamefungwa kuzuia jua, taa nyekundu zinawaka mchana. Juu ya kabati alikaa paka wa rangi ya dhahabu, mkono wake mmoja unapunga, unapunga, bila kuchoka. Watoto wengine walimpenda. Mimi nilikuwa mwoga na sikuwa msemaji, na niliona kama hatupungii sisi. Niliona anamwita mtu aliye nyuma yetu. Niligeuka mara nyingi, sikukuta kitu, nikarudi kula bila kumwambia mtu.

Barabara ilipokwisha, baba aliondoka na wajenzi kwenda kujenga nyingine, mikoa ya kusini. Jumapili ya kwanza bila yeye, Mama Mei kwa mazoea alituwekea mabakuli manne ya bluu. Mama alinyanyua mkono amwambie tuko watatu, kisha akaushusha.

"Liache," akasema. "Mwenyewe atarudi."

Tangu siku hiyo bakuli la nne likawa desturi. Liliwekwa na wali kidogo, vijiti vimelazwa juu yake sambamba, na kiti cha baba kimevutwa nyuma kidogo, kama anavyokivuta mtu anayetaka kukaa. Sisi tulikatazwa kuligusa. Tukimaliza kula, Rashidi alilirudisha jikoni.

Mwanzoni baba alipiga simu kila Ijumaa akitoka msikitini. Baadaye wakahamia mbele zaidi, huko milimani ambako mtandao haushiki, na simu zikakatika. Hapo ndipo maneno yakaanza. Jirani yetu mmoja, mwanamke asiyeweza kumeza neno, alimsikia Zaina akieleza habari za bakuli la baba, akacheka mpaka akajishika kiuno, akamwita mama kwa jina langu. "Mama Halima, huyo saa hizi anakula kwenye bakuli jingine, wewe unamwekea hilo!" Usoni nilimwona mama anahesabu neno hilo kama deni. Baba mdogo alipokuja kumshauri aache kusubiri, akalime shamba la Kabuku na ndugu, mama alisema tu, "Shemeji, mume wangu yuko njiani." Alihitaji jambo moja, na sisi watoto tulilijua: baba aingie mlangoni, na wale waliocheka wamwone.

Jumapili hiyo ninayotaka kuieleza chuo kilikuwa kimefunga. Ukumbi ulikuwa mtupu. Tulikuwa tumekaa, chakula kimekuja, mama anampulizia Zaina supu. Zaina kwa wiki zote zile hakuwahi kukijali kile kiti. Alikuwa mtoto wa kula na kumwaga. Mara akaweka kijiko chini, akageukia kiti cha baba, akainama vizuri kama alivyofundishwa.

"Shikamoo baba."

Akainua uso, kama mtu anayeitikiwa. Kisha akacheka, akafunika mdomo kwa mkono, na akasogeza kiti chake kupisha.

Mama alitulia na kijiko hewani. Mimi nilikitazama kile kiti. Sikuona mtu, na ninasema kweli kwamba sikuona. Lakini moshi wa wali kwenye bakuli la nne, ambao siku zote hupanda juu, ulikuwa umelala upande wa kiti, unakwenda na kukatika, unakwenda na kukatika, kama kuna anayevuta pumzi.

Mama Mei alikuwa anatoka jikoni na birika. "Shikamoo" na "baba" ni maneno aliyoyajua. Alisimama. Hakumtazama Zaina. Alikitazama kiti, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyefungua mlango akamkuta mgeni aliyemjua zamani. Akarudi jikoni. Alipotoka tena alikuwa ameshika bakuli jingine la bluu, wali umejazwa mpaka umefanya kilima, na vijiti vimesimamishwa katikati yake wima. Akaliweka mbele ya kiti, akawasha kijiti chembamba cha ubani na kukichomeka kwenye glasi yenye mchele.

Desturi ya vijiti hatukuijua. Lakini ubani tuliujua. Kwetu pia harufu ile ikiingia nyumbani ghafla, watu huuliza nani amefariki.

"Mama Halima," Mama Mei akasema polepole, "pole."

"Pole ya nini?" Mama akasimama. "Rashidi! Njoo umuulize huyu, pole ya nini?"

Rashidi akaja, wakasemezana, akabaki anajifuta mikono kwenye aproni. "Dada, anasema tu pole. Anasema... amekuja kula. Tumwache ale."

Mama aliuchomoa ule ubani, akautumbukiza kwenye supu. "Mume wangu ni mzima! Mwambie ubani wake awawashie wa kwao!" Akatushika mikono, tukatoka. Zaina alilia njia nzima, akisema tumemwacha baba peke yake.

Kabla ya Jumapili nyingine kufika, alikuja Juma, dereva wa greda huko kusini na rafiki wa baba. Alikaa kwenye kigoda nje, akakataa maji. Mama alipoona amekataa maji alikaa chini kwenye vumbi kabla hajaambiwa kitu. Juma akasema gari la maji lilikosa breki kwenye mteremko. Akasema wamemzika huko huko, kwa heshima, kijiji kizima kilihudhuria.

"Siku gani?" mama akauliza.

"Jumapili, shemeji. Asubuhi."

Mama alimtazama Zaina, aliyekuwa anacheza na viatu vya mgeni, akamtazama muda mrefu. Kisha akajifunika kanga uso mzima.

Alikaa eda. Nyumba ilijaa watu, hata yule jirani wa maneno alikuja na unga, akapika, akalia kuliko ndugu. Kaburi lilikuwa mbali, na mama hakulia kama watu walivyotarajia. Alikaa kama mtu aliyesahau kitu mahali. Eda ilipokwisha, safari yake ya kwanza haikuwa kwa ndugu. Alifunga kuku mmoja miguu, akatuchukua, tukaenda Korogwe.

Mama Mei alitoka mpaka barabarani. Alimshika mama mkono, akatukalisha meza ile ile, akaleta mabakuli matatu, na la nne likiwa na kilima na vijiti vimesimama. Mama alifungua pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na ubani wetu, ule wa vipande. Akamwomba Rashidi kaa la moto. "Mungu anisamehe kama ninakosea," akasema, akauweka mwenyewe, akasoma Fatiha kwa sauti ndogo. Rashidi akaitikia amina. Mama Mei alikuwa amefunga mikono, ameinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu Juma alipokuja, mama alilia, akalia mpaka akamaliza.

Ubani ulipokwisha kuwaka, Mama Mei alichomoa vijiti, akatugawia ule wali sote watatu. "Kula," akasema. "Baba amekula."

Tukala. Nitawaambia kitu ambacho mpaka leo nashindwa kukieleza. Wali ule ulitoka karai moja na wali wetu, nilimwona akiupakua. Wetu ulikuwa na chumvi, na yai, na kitunguu. Ule wa bakuli la baba haukuwa na ladha yoyote. Ulikuwa kama kutafuna maji. Nilimtazama mama kama naye ameona. Alikula mpaka punje ya mwisho.

Siku hizi mahali pale panauzwa simu na vifuniko vyake. Mama Mei alirudi kwao, Rashidi anachinja sokoni. Vijana wanakula chipsi kwenye vibanda vya mbele ya chuo, na kabla ya kula ni lazima chipsi zipigwe picha, upande huu na upande ule, mpaka zipoe. Sisi tungechapwa. Wanakaa watano meza moja, kila mtu anacheka na mtu aliye ndani ya simu yake, nami nisiyejua kuongea nao nabaki nawaangalia.

Zaina sasa ni mwanachuo hapo hapo. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona, tukakaa kwenye kibanda kimojawapo, naye akaweka simu chini, jambo la nadra, akaniambia ana bahati kwamba anamkumbuka baba.

"Ulikuwa mdogo sana," nikasema.

"Namkumbuka, dada. Siku moja tu, lakini vizuri. Tulikuwa kwa Mchina, kumetulia, hakuna wateja. Nikamwamkia, akaniambia marahaba mwanangu, nisogee tukae wote. Nilikuwa nimemwaga supu. Akasema hatamwambia mama."

Alikuwa anatabasamu. Sisi wengine tuna baba wa miaka mingi, baba wa gari la maji na wa kuwacheka walimu. Yeye anaye huyo wa siku moja tu.

"Ulikuwepo, au ulikuwa shule?" akaniuliza.

"Nilikuwepo," nikasema. "Alikuwa amefurahi sana kukuona."

Nikamsogezea chipsi zake, nikamwambia ale kabla hazijapoa.